Gurudumu la Kushoto

Mdogo wangu Lucian alikuwa na mashine mbili za kupigia muziki, na ile ya kushoto ilikuwa inalia. Sisemi spika, nasema mashine yenyewe. Juu yake kulikuwa na gurudumu bapa, pana kama sahani ya chai, ambalo DJ hulizungusha kwa kiganja ili auvute wimbo nyuma au ausukume mbele kidogo, mpaka mdundo wake ukutane na wa wimbo unaomalizika. Gurudumu la kulia lilizunguka kimya. La kushoto likifika mahali fulani lilitoa sauti nyembamba, kwii, kama mlango wa kabati la nguo.

Niliisikia sauti ile kila siku. Mashine zilikaa kwenye chumba changu cha kushonea, hapa Visiga, kwa sababu ndicho chenye mlango wa chuma. Mchana Lucian alifanya mazoezi humo amevaa hedfoni, mimi nikishona. Mtu aliyepita nje hakusikia muziki wowote. Alisikia cherehani yangu, na lile kwii, kwii.

"Litie mafuta hilo," nilimwambia siku moja.

"Hii siyo cherehani, dada. Haitaki mafuta. Nitaipeleka kwa fundi Kariakoo."

"Kila kinachozunguka kinataka mafuta."

"Hata shingo yako? Maana kila mteja akipita unaizungusha."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa neno moja anakurudishia mawili, na unacheka.

Nilimzidi miaka kumi na nne. Mama alipofariki, Lucian alikuwa darasa la pili, na akitoka shule alikaa miguuni pangu huku nikishona. Nikianza mshono mpya nilimwacha aweke kiganja chake juu ya gurudumu la cherehani na kulivuta kuelekea kwake, taratibu, kisha mimi nikakanyaga. Ukilivuta kwa pupa uzi unakatika. Alijifunza haraka. Mwisho alikuwa analigusa tu na cherehani inaondoka.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilitamani anifundishe zile mashine zake. Alipotoka nilikuwa nazisogelea zikiwa zimezimwa, naweka kiganja juu ya gurudumu la kushoto, nalisukuma kidogo, linalia, naondoa mkono kama mwizi. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mshonaji wa sare za kwaya, angesimama wapi na hedfoni masikioni? Nilingoja aseme yeye.

Siku ikafika nikadhani anasema. Alikuwa amekosa kazi ya tatu mfululizo upande wa Kisarawe. Huko shughuli nyingi ni za wanawake watupu. Kwenye singo bibi harusi anasingwa kwa manukato, anafundwa, watu wanacheza wanavyotaka, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Walikuwa wanaupenda muziki wa Lucian lakini hawamtaki Lucian.

"Nahitaji mwanamke, dada," alisema. "Mwenye mkono mwepesi. Nimfundishe, awe anaingia yeye."

Niliweka mkasi mezani. Nilihisi masikio yanapata moto.

"Sasa nimempata," akasema. "Anaitwa Mwanahalima. Wa kule kule Kisarawe, anasuka nywele. Ataanza kuja Jumanne."

Nikauchukua mkasi, nikaendelea kukata.

Mwanahalima alikuwa na miaka ishirini na tatu. Aliniamkia vizuri, shikamoo dada Monica, akaketi kwenye kigoda cha wateja wangu, akavaa hedfoni za mdogo wangu. Wiki ya kwanza aliharibu kila kitu na nilishona kwa raha. Wiki ya tatu nikasikia jambo ambalo sikulipenda. Alikuwa anazungusha gurudumu la kushoto na halikuwa linalia.

"Umeona, dada?" Lucian aliniita. "Akikaribia pale linapolia anainua kiganja kidogo tu, kisha anarudi. Analikwepa. Mimi mwenyewe siwezi."

"Hongera yake," nilisema.

Wateja walianza kunitania. "Wifi huyo, mama. Anza kushona gauni." Nami nilicheka nao. Ingekuwa ni wifi ningevumilia. Wifi anakaa upande wake. Huyu alikaa mahali ambapo mimi nilikuwa nimesimama kwa siri, mashine zikiwa zimezimwa.

Ijumaa moja mwezi wa kumi, Lucian alitoka kwenda kukodi jenereta. Jumamosi Mwanahalima angepiga muziki kwenye singo kubwa Kisarawe, ya mpwa wa Bi Swaumu, mwanamke ambaye akikusifu unapata shughuli za mwaka mzima. Mashine zilikuwa mezani tayari kufungwa. Kikopo changu cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu, kilikuwa pale pale kando ya mkono wangu.

Nilitia matone mawili kwenye ukingo wa gurudumu la kushoto. Nikalizungusha. Nikaongeza la tatu.

Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Nilitaka Lucian arudi, aguse, asikie kimya, aulize ni nani amefanya kazi nzuri hivi. Hilo ni kweli. Nilijua pia kwamba alikwishanikataza, na kwamba kesho yake atakayesimama nyuma ya gurudumu lile si yeye. Hilo nalo ni kweli.

Aliporudi aligusa. Kimya. Akageuka kunitazama.

"Leo limetulia hili."

"Labda limechoka kulia," nikasema.

Alicheka, akafunga mashine kwenye masanduku yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema na nikaimeza.

Habari za singo zilinifikia Jumapili baada ya misa, kwa mteja aliyekuwepo. Mambo yalianza vizuri. Lakini kwenye shughuli za wanawake wa Pwani kuna poda. Ukifurahishwa na mtu unammwagia poda kichwani, shingoni, kifuani, kopo kwa kopo, mpaka hewa inakuwa nyeupe. Poda ilitua kwenye kila kitu, na kwenye gurudumu lililolowa mafuta yangu ilikuta mahali pa kushika. Ikaingia ndani, ikakandika kama ugali.

Ilipofika zamu ya Bi Swaumu, somo aliyemfunda bibi harusi, kuingia na sinia kichwani, Mwanahalima alipaswa kuuzuia wimbo kwa kiganja pale kwenye ngoma, mama asimame, kisha auachie na mama aanze kunesa. Alizungusha gurudumu, wimbo haukusikia. Akazungusha tena, ukaruka mbele. Akauvuta, ukaburuzika kama sauti ya mlevi. Bi Swaumu alibaki mguu mmoja juu, sinia kichwani, hajui aukanyage wapi.

"Wakamzomea, dada Monica," yule mteja alisema, machozi ya kicheko machoni. "Mmoja akachukua maiki akasema, mtoeni huyo, kamleteni hata mwanamume, tutafumba macho!"

Jumatatu Mwanahalima alikuja. Walisimama pande mbili za meza yangu ya kukatia.

"Mkono wako mzito," Lucian alimwambia. "Ulipaniki ukalibana."

"Sikulibana, kaka. Lilikuwa linateleza. Mara linashika, mara halishiki."

"Ijumaa nililiacha likiwa zima. Muulize dada, alikuwepo."

Wote wawili wakanitazama. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali ya cherehani. Nakumbuka hata kitambaa, satini ya kijani.

"Lilikuwa zima," nilisema.

Mwanahalima alikitazama kiganja chake cha kulia kama vile kimetoka kwa mtu mwingine. Akachukua mkoba wake, akaniaga kwa adabu, akaondoka, hakurudi tena.

Nilidhani sasa itakuwa zamu yangu. Lucian aliirudisha mashine ya kushoto kwenye sanduku na hakuifungua tena. Alipiga kwa mashine moja na kompyuta, kazi ndogo ndogo, vipaimara vya Pangani na mahafali ya shule. Kuhusu kunifundisha hakusema neno. Mwezi wa pili alilala na homa siku ya Jumanne, Jumatano tukampeleka hospitali, na Ijumaa hatukuwa naye. Aliondoka akiamini Mwanahalima alimharibia jina kwa uzembe, na aliyemhakikishia hivyo ni mimi.

Siku ya arobaini, baada ya misa, ukoo ulikaa uani kugawa vitu vyake. Baba mdogo Leodegar alikuja kutoka Dutumi kusimamia. Mashati kwa binamu, viatu kwa jirani aliyemuuguza, saa kwa mtoto wa shangazi.

"Mashine za muziki," baba mdogo akasema, "zinabaki kwa Monica. Yeye ndiye aliyemlea."

Hapo ndipo Mwanahalima alipoingia getini, amejifunga kanga mbili. Aliamkia wazee, akapiga magoti mbele ya baba mdogo.

"Poleni sana. Sikuja kudai kitu, baba. Naomba jambo moja. Naomba niliguse lile gurudumu la kushoto, mara moja tu, mbele yenu. Tangu siku ile sijapiga muziki tena. Nataka nijue kama kweli ni mkono wangu."

"Kumbe ndiye wewe," baba mdogo alisema. "Wewe ndiye uliyeiharibu mashine ya mwanangu. Kijana amekwenda na kinyongo chako kifuani, halafu unakuja siku ya arobaini kuomba ukaiguse tena?"

Mimi nilikuwa na shati la Lucian mikononi. Nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Samahani, baba," Mwanahalima alisema. Aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akatoka.

Kesho yake asubuhi niliifungua mashine ya kushoto kwa bisibisi yangu ya cherehani. Nililinyanyua gurudumu. Chini yake kulikuwa na uji mgumu wa kijivu, mafuta na poda, umezunguka pande zote. Kuna kijisahani chenye meno madogo ambacho hupita mbele ya taa ndogo. Meno yakipita ndiyo mashine inajua kwamba gurudumu limezunguka, na kwa kasi gani. Meno yale yalikuwa yamezibwa, hapa mawili, pale matatu, mengine wazi. Ndiyo maana mara lilishika na mara halikushika.

Nikaona na kingine. Kwenye kijigurudumu kidogo cha plastiki, kati ya vile vinavyolibeba gurudumu kubwa, kulikuwa na uzi umejisokota. Uzi wa zambarau. Ni wa majoho ya kwaya ya parokia niliyoshona miaka mitatu iliyopita. Uliruka kutoka mezani kwangu ukaingia humo, na ndio uliokuwa unalia muda wote ule.

Sikusafisha chochote. Nilirudishia gurudumu juu juu, nikaifunga mashine kwa kitenge, nikaipakata kwenye pikipiki, tukapita njia ya Kiluvya mpaka Kisarawe. Vumbi lilinijaa kooni na nililishukuru, maana sikutaka kuongea na dereva.

Nilimkuta Mwanahalima saluni, amesimama nyuma ya mteja aliyesukwa nusu kichwa. Upande mmoja mistari, upande mwingine nywele zimesimama. Aliponiona mikono yake ilisimama.

"Shikamoo, dada Monica."

"Marahaba. Nimekuletea uiguse."

Niliweka mashine kwenye meza ya mafuta ya nywele, nikaondoa kitenge, nikalinyanyua gurudumu. Aliinama, akachovya kidole kwenye uji ule, akanusa. Akanusa tena.

"Poda," alisema. "Na kitu kingine. Bibi yangu alikuwa na cherehani."

"Ndiyo."

"Nani aliyetia?"

"Mimi. Ile Ijumaa."

Yule mteja aligeuza kichwa chake chote, nusu iliyosukwa na nusu isiyosukwa. "Haa! Makubwa haya."

"Tulia, Aneth, nitakuvuta nywele," Mwanahalima alimwambia, macho yakiwa kwangu. "Dada Monica. Siku ile alikuuliza. Nilikuwa nimesimama hapo na wewe ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ukasema lilikuwa zima."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Likatoka moja. "Wivu."

"Wa kaka Lucian? Wallahi mimi na yeye hatukuwa na lolote."

"Najua. Nilikuonea wivu wa gurudumu. Nilitaka anifundishe mimi."

Aneth alicheka mpaka kiti kikalia. "Wivu wa mume nausikia kila siku, wa nyumba naujua. Wa gurudumu, ndiyo kwanza leo!"

Mwanahalima hakucheka. Alikaa kwenye benchi, viganja vyake vimelala mapajani vikitazama juu.

"Unajua alivyonifundisha?" aliuliza. "Nikikosea tu, ananiambia, siyo hivyo, weka kiganja kama dada anavyoondoa cherehani. Nikipatia, ananiambia, unakaribia, lakini Monica angeliweka jepesi zaidi. Kila siku Monica. Mkono wa Monica. Nilikuwa narudi huku Kisarawe nalia. Nilikuchukia, dada. Nikija nakuamkia kwa adabu, moyoni nasema, huyu naye si afundishwe yeye mwenyewe, yaishe?"

Alikuwa ananipa kitu nilichokililia mwaka mzima, na alinipa kwa hasira, kama mtu anayekurudishia sufuria yako.

"Kwa nini hakuniambia?" niliuliza.

"Alisema ulikuwa na kazi nyingi. Alisema angekuomba ungesema utaonekana mjinga." Aliinuka. "Sasa sikiliza. Mimi nilizomewa kwa maiki. Jumamosi hii Bi Swaumu ana singo nyingine, mchana, nyumbani kwake. Utakuja. Utasema haya haya, kwa maiki."

"Mbele ya wanawake wote wale?"

"Waliozomea ni wote wale."

"Nitasema," nilimwambia. "Na baba mdogo nitampigia simu mimi mwenyewe."

Alituma mtu duka la dawa kununua spiriti. Tukakaa pale, mimi na yeye, kwa vipande vya pamba, tukifuta jino moja moja, huku Aneth akiuliza nusu ya pili ya kichwa chake itasukwa karne gani. Uzi wa zambarau niliutoa kwa sindano. Mwanahalima aliuangalia, akaangalia gauni langu lililonasa nyuzi, akachovya pamba nyingine kwenye spiriti.

Jumamosi uani kwa Bi Swaumu kulikuwa na wanawake wapata mia, sare ya kanga za rangi ya machungwa. Mwanahalima alinipa maiki na akaenda kusimama nyuma ya mashine. Nilisema jina langu. Nilisema mimi ni mshonaji wa Visiga, dada wa marehemu Lucian. Nilisema mafuta, nilisema poda, nilisema niliulizwa nikadanganya, na mkono wa Mwanahalima hauna kosa wala haukuwahi kuwa nalo. Sauti yangu ilitetemeka kwenye spika na sikuwa na pa kuificha.

Bi Swaumu, mwanamke mnene, mrefu, mwenye hina mpaka kwenye viwiko, akasimama.

"Mshonaji! Kumbe mguu wangu ulining'inia hewani mbele ya wakwe kwa matone ya mafuta?"

"Matatu, mama. Nisamehe."

"Matatu!" Aliwageukia wenzake. "Jamani, hebu mwangalieni. Mpole hivi, kumbe pilipili." Wakacheka, na kicheko chao hakikuwa chepesi kukistahimili. "Rudisha maiki, mwanangu, kabla sijakutuma ukanisuuzie masufuria. Mwanahalima! Nirudishie kuingia kwangu."

Walimwekea sinia kichwani. Mwanahalima alivaa hedfoni, zile zile za Lucian. Akaweka kiganja juu ya gurudumu la kushoto. Wimbo ulikuja, ukafika pale kwenye ngoma, ukasimama. Bi Swaumu akasimama na mguu juu. Kiganja kikavuta kidogo kuelekea kwake, taratibu, kama unavyouanza mshono kwenye satini, kisha kikaachia. Gurudumu halikulia. Mguu ukatua na ngoma, na uwanja mzima ukalipuka vigelegele.

Nilimwona Lucian kwenye bega la Mwanahalima. Nilimwona na kiganja chake kidogo cha darasa la pili. Nikaona pia kwamba ni Mwanahalima aliyekuwa pale, si mimi, na wivu ukanipanda kama siku ya kwanza. Nilikuwa nimesema kila kitu na haukuwa umekwenda popote.

Makopo ya poda yakaanza kufunguliwa.

"Dada Monica!" Mwanahalima aliita, mkono mmoja juu ya gurudumu, mwingine unanipungia. "Njoo, poda hiyo! Leta kanga yako!"

Nilikimbia. Nilivua kanga ya mabegani, nikaitandaza juu ya mashine kwa mikono miwili, kama mtu anayemkinga mtoto mvua. Poda ilitua juu ya kanga, juu ya nywele zangu, machoni. Chini ya kanga, karibu na kifua changu, viganja vyake vilikuwa vinafanya kazi. Nilikuwa naviona vizuri kuliko nilivyowahi kuviona chumbani kwangu. Alikuwa ananyanyua kiganja kila kilipofika pale lilipokuwa linalia zamani, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kukwepa.

"Halilii tena," nilimwambia sikioni. "Huna haja ya kuinua."

"Mkono umezoea," alisema. Kisha bila kunitazama: "Sogea kushoto, dada. Kushoto zaidi. Inaingia."

Nikasogea.